Ndoo Nne za Kufulia

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua hakuna.

Kwa Dada,

Salamu kwako na kwa Baba. Mimi sijambo, ila koo linanikwaruza kwa vumbi la chaki.

Muhula huu nimepewa somo la maji nyumbani kwa darasa la sita: yanatumikaje, yanapotea wapi, yanaokolewaje. Mwalimu mkuu alinikabidhi kitabu cha kurasa nne chenye picha ya bomba linalocheka. Bomba lenye meno, Dada. Nimekifungia kabatini.

Nilianza na bomba la nyuma ya jiko la shule, lile linalodondoka mwaka mzima na kila mtu analipita kama halimhusu. Tuliweka kikombe chini yake kipindi kilipoanza. Kengele ilipolia kikombe kilikuwa kimejaa. Wakapiga hesabu ya mchana na usiku, ikaja karibu nusu ndoo kwa siku. Nikawaambia nusu ndoo ndiyo ninayoogea mimi. Mmoja akadakia: "Kumbe Mwalimu bomba linaoga sawa na wewe!" Tangu siku hiyo wananiita Mwalimu Tone. Wanadhani sisikii.

Sasa kila mwanafunzi amepewa fomu ya siku saba, nimezichora zote kwa rula. Kipimo ni ndoo ya lita ishirini. Safu ni tano: kunywa na kupika, vyombo, kuoga, kufua, sakafu na choo. Nakuwekea moja tupu. Nijazie ya kwetu, ya wiki nzima, nataka darasa lilinganishe na nyumba ya mbali yenye watu wawili. Baba akusimamie. Mtu aliyesoma mita za maji za watu miaka thelathini na moja hawezi kukosa la kufanya hapo. Yangu pia nimeiweka, usije ukasema nakupa kazi nisiyoifanya mwenyewe.

Baba miguu inaendeleaje? Msiwe na wasiwasi juu yangu. Upweke sina. Mwalimu wa hesabu ninayekaa naye ana maneno kama cherehani yako, na ukuta wetu ni mwembamba.

Mdogo wako

Nyongeza ya asubuhi: nililala saa nne na robo.


Jumamosi, 15 Machi (nimemuuliza jirani, kalenda imefunikwa na nguo za wateja)

Mdogo wangu, Mwalimu Tone,

Barua yako ilichukua siku nne njiani, na mstari wa kwanza unaniambia kulikuwa na mawingu. Mimi nifanye nini na mawingu ya Jumatatu ya wiki iliyopita? Na saa uliyolala! Mwenzio nikilala nalala, siandiki popote.

Nimecheka bomba linalooga mpaka sindano ikanidunga. Nimemsomea Baba naye akacheka, halafu akasema, "Mwambie washa, ile raba ya ndani ya bomba, imechakaa, wabadilishe." Ndiye huyohuyo.

Fomu hii hapa. Usinilaumu kwa mwandiko. Baba ameisimamia kama askari. Kila jioni: "Umeandika?" Nimeandika, Baba. "Umeandika kweli, au umekisia?" Juzi nilitaka kupunguza kidogo ili tusionekane walafi wa maji mbele ya watoto wa watu, akanikaripia mpaka nikafuta.

Baba hajambo. Anakula, anasema, ananigombeza. Kiti chake cha mlangoni kipo palepale. Mimi kazi zimenifika shingoni, sare za shule na mapazia ya watu, lakini ni heri kuliko kukaa bure.

Sasa nikuulize. Fomu yako inasema ndoo moja na nusu kwa siku, nyumba nzima. Huyo mwalimu wa hesabu yeye haogi? Au ananawa kwa upepo? Mwambie dada wa mwenzake amemsalimu, na sabuni zipo madukani.

Dada yako


Alhamisi, 20 Machi
Asubuhi jua kali mapema, ukungu bondeni.

Kwa Dada,

Fomu imefika jana na nimeifanyia kazi leo leo. Mwalimu wa hesabu anapenda kujaza ndoo zake shuleni, ndiyo maana hazimo. Tuyaache hayo.

Tuzungumze juu yenu. Ndoo nane na nusu kwa siku, Dada! Watu wawili! Niliposoma nilidhani umekosea, nikajumlisha upya siku zote saba. Kunywa na kupika moja, vyombo nusu, kuoga mbili, sakafu moja. Hayo naweza kuyakubali, ingawa sakafu ya vyumba viwili haihitaji ndoo nzima kila siku. Lakini kufua ndoo nne, Jumamosi hadi Ijumaa, bila kuruka hata siku moja? Mnafua nini? Kama ni nguo za wateja, wateja wafue kwao. Kama ni mashuka, shuka la mtu mzima linakaa wiki.

Nimeiandika ubaoni bila kusema ni ya nani. Nimeiita Nyumba B. Watoto walipiga miluzi. Mmoja akasema humo ndani lazima kuna kiboko anafugwa. Darasa zima likaangua kicheko, na nakiri nami nilicheka. Kisha tukatafuta dawa, nayo nakuandikia kama tulivyokubaliana:

Usifue kila siku. Kusanya nguo, ufue mara mbili kwa wiki. Maji ya kusuuzia yasimwagwe, yadekie sakafu, na yanayobaki yaende chooni. Ukifanya hivyo Nyumba B itashuka hadi ndoo nne au tano.

Usikasirike. Ninasema kwa sababu nakujua, ukishika maji huachii. Nijazie fomu nyingine nione tofauti. Mkaguzi anakuja katikati ya Aprili, na baada ya hapo ndipo nitathibitishwa kazini. Nikimwonyesha nyumba iliyobadilika kwa sababu ya somo, itanisaidia.

Baba mwambie washa imebadilishwa. Bomba limekauka, na watoto wanalisikitikia.

Mdogo wako

Nyongeza ya asubuhi: nililala saa sita kasoro dakika kumi. Sijui kwa nini. Nyumba ilikuwa kimya.


Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Tumepata barua. Nimefanya ulivyoelekeza. Baba alisema Mwalimu afuatwe.

Fomu ndiyo hii. Kufua Jumanne ndoo nne, Jumatano hakuna, Alhamisi hakuna, Ijumaa ndoo tano, halafu hakuna mpaka leo. Maji ya kusuuzia nimedekia. Utaona yameshuka.

Baba anakusalimu. Anasema usome vizuri.

Dada yako


Ijumaa, 4 Aprili
Asubuhi manyunyu. Sikuangalia tena baada ya hapo.

Dada yangu,

Barua hii huenda nikaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwetu. Basi linaondoka kesho alfajiri. Naandika kwa sababu uso kwa uso nitashindwa.

Leo nilichora ubaoni fomu zako mbili, ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Nikasema: tazameni, Nyumba B imejifunza. Wakapiga makofi. Yule aliyesema kiboko akauliza kama kiboko amehama. Nikawa najiona mwalimu kweli.

Kuna msichana wa dawati la mwisho, anayekaa na bibi yake. Huongea mara moja kwa mwezi. Fomu yake ilinirudia mara mbili kwa sababu hakutaka kuijaza, na nilimtoa nje kwa hilo. Leo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nyumba ile haikuwa inachezea maji."

"Kwa nini?"

"Ina mtu anayelala."

Wenzake wakacheka, wakasema kila nyumba ina watu wanaolala. Hakucheka. Akasimama, akanyoosha kidole kwenye safu kama mimi ninavyofanya. "Kufua kila siku, hata Jumapili, ni mashuka. Kuoga ndoo mbili, mmoja anaogeshwa asubuhi na jioni. Sakafu ndoo nzima ni pale pembeni ya kitanda. Kwetu ni hivyohivyo." Kisha akatazama fomu ya pili, akauliza taratibu, kama anayeuliza jambo la kawaida: "Na hizi siku ambazo hawakufua, alilalia nini?"

Dada, nilisimama na chaki mkononi. Nilifuta ubao wote, mpaka tarehe.

Kiti cha mlangoni kipo palepale. Uliandika hivyo. Hukuandika kwamba Baba amekikalia. Nimezisoma barua zako zote tangu Januari, nimezipanga kwa tarehe mezani, na hakuna hata moja iliyosema Baba ametembea. Nilikuwa na kila kitu mkononi, nikakupigia hesabu ya kusuuza.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, mwalimu wa hesabu alihamishwa wiki ya tatu ya Januari. Alichukua godoro lake, akaniachia kitanda kitupu na kalenda. Ndoo moja na nusu ni zangu peke yangu. Sikutaka mjue, msije mkasema nirudi nyumbani. Jioni naandika shajara, nasahihisha madaftari, nasikiliza nyumba za wenzangu. Ndiyo maana najua saa ninazolala.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa. Aliniuliza kuhusu mkaguzi. Nikamwambia mkaguzi akija atawakuta watoto.

Usimwambie Baba nilicheka.

Mdogo wako

Sina nyongeza. Saa ni tisa na nusu, na basi ni saa kumi na moja.


Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba darasa halikukusahau. Huku kumetulia. Majirani walikuwa wanakuja kwa matanga ya Baba, sasa wamerudi kwenye shughuli zao, na ni sawa. Mimi nipo salama.

Ulipokuwa hapa siku zile kumi na moja sikukueleza yote, maana kila nikianza ulikuwa na ndoo mkononi. Ulininyang'anya ndoo zote. Siku ya tatu nililala kuanzia adhuhuri hadi asubuhi ya pili, nikaamka nikakusikia unamwambia Baba, "Inua mguu, Mzee Mita, nasoma namba," naye anakujibu, "Umekuja kusoma kwa kuchelewa, nitakukatia maji." Nikabaki nimelala nawasikiliza. Tangu Desemba nilikuwa sijasikia utani ndani ya nyumba hii.

Sasa sikiliza. Baba ndiye aliyenizuia kukuandikia. Alisema, "Mara ya kwanza aliacha shule mwaka mzima kumuuguza mama yake, akarudi wenzake wakiwa wamempita. Mara ya pili siitaki. Athibitishwe kwanza." Akanifanya niahidi: neno ugonjwa lisiwemo kwenye barua. Nikaahidi. Unamjua.

Ilipokuja fomu yako niliiweka pembeni. Nikamwambia, hii hatuwezi kuijaza, itatufichua. Akasema, "Barua ni maneno yako, unaweza kuficha. Mita haifichi. Mita jaza sawasawa." Nikamwambia, "Baba, si ni kitu kilekile?" Akageukia ukutani.

Kila jioni alipouliza kama nimeandika kweli, nilidhani ni ukali wa kazi yake ya zamani. Ulipojibu kwamba tunafuja maji, nilimsomea, nikiruka pale pa kiboko. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi hajaisoma. Fanya anavyosema, labda ataisoma ya pili." Ile Alhamisi nilimwambia nibadilishe shuka, akakataa. Akasema Ijumaa ndiyo siku ya kufua, Mwalimu kapanga. Nilibadilisha kwa nguvu usiku wa manane nikalificha lile bichi chini ya meza ya kukatia nguo, nikamwandikia "hakuna" kama alivyotaka.

Alitaka uje, mdogo wangu. Hakujua kuomba. Nakueleza haya ili ujue alikungoja. Sikuelezi ili ujilaumu. Ulipoingia mlangoni na ule mfuko wako, mimi nililia, yeye akanitazama kama anayesema: umeona? Nilikwambia namba zitamleta.

Nimekuwekea fomu ya wiki hii. Hukuiomba. Nimezoea tu kujaza. Mkono ukifika jioni unatafuta kalamu.

Huku kazi zipo. Usinihangaikie.

Dada yako


Alhamisi, 8 Mei
Asubuhi mvua ya kutosha, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Tangi la shule limejaa na watoto wameweka makopo kila penye mchirizi.

Dada yangu,

Barua yako imenikuta mlangoni nafungua kufuli. Niliisoma nimesimama, kisha nikaingia nikaisoma nimekaa.

Mkaguzi alikuja nikiwa kwetu, akaondoka. Nitangoja mwakani. Nilidhani litaniuma. Halikuniuma.

Darasani nimechora fomu mpya. Safu ya sita inaitwa "Kwa ajili ya nani." Msichana wa dawati la mwisho ndiye aliyenisaidia kupiga mistari. Aliijaza yake bila kusukumwa, na kwenye safu ile ameandika neno moja siku zote saba: Bibi. Yule wa kiboko ameandika "mimi" kila mahali, tumemtania wiki nzima. Bado nawafundisha kudekia maji ya kusuuzia. Ni somo zuri na maji ni machache. Ila kwanza tunauliza nani yumo ndani, ndipo tunashika kalamu.

Sasa fomu yako. Nimeisoma polepole, kama nilivyopaswa kuisoma ile ya kwanza. Umeandika uko salama, kazi zipo, nisihangaike. Fomu inasema Jumapili ndoo moja na nusu, Jumatatu moja na nusu, Jumatano moja na nusu, hivyohivyo mpaka Jumamosi. Naijua hiyo namba. Naijua kwa kila kikombe. Robo ya kunywa na kupika, robo ya vyombo, kisha jioni mtu anaosha sahani moja na kijiko kimoja, na sauti yake inajaa jikoni.

Na Jumanne ndoo tano na nusu. Kufua ndoo nne.

Hiyo Jumanne nimeirudia mara kadhaa. Mashuka yake tuliyafua mimi na wewe kabla sijaondoka, tukayakunja, tukayaweka sandukuni yakiwa makavu. Hukuwa na kitu cha kufua, Dada. Umeyatoa yakiwa safi, umeyafua, umeyaanika.

Safari hii sikuandikii dawa yoyote. Fua. Ukitaka Jumanne ijayo fua tena, ndoo nne, hata sita, na maji ya kusuuzia mwaga unapotaka.

Kitanda cha mwalimu wa hesabu bado kipo upande wa pili wa ukuta. Leo nimenunua godoro, si nene, lakini halijalaliwa. Dirishani kuna nafasi ya cherehani na mwanga unaingia mpaka saa kumi na moja. Darasa la sita wote magoti ya suruali yametoboka, usiseme huna wateja. Sikuambii uje kesho. Nyumba ya Baba ni yako kuifunga au kutoifunga. Nakuambia tu jinsi mita inavyosoma: yako moja na nusu, yangu moja na nusu. Darasani wangejibu ni tatu. Mimi nimepima majumba arobaini sasa, na najua watu wawili wakikaa pamoja haifiki tatu. Chai huchemshwa mara moja.

Jioni hii nimekwenda bombani na ndoo mbili badala ya moja. Ya pili nimeifunika kwa sinia na kuiweka upande ule.

Mdogo wako

Nyongeza ya asubuhi: mvua iliendelea, nikaisikiliza ikigonga sinia pale paa linapovuja. Nililala saa tatu na dakika ishirini.